Uzi: Muvi na anime za kisayansi, mimi huwa naangalia nani anafanya kazi

Habari za usiku wakuu.

Huu uzi nimeukalia muda mrefu, leo mvua imenifungia ndani toka mchana na kazi hakuna, ngoja niuandike wote. Ni kuhusu muvi za kisayansi na hasa hizi anime, yaani katuni za Wajapani, za mambo ya anga, maroboti na miji ya miaka ijayo. Niseme mapema mimi ni mtazamaji wa kawaida, sio mtu wa kukariri majina ya studio, naangalia usiku nikishaoga na kula, episodi moja au mbili nalala. Kazi yangu ni ufundi wa friji na AC hapa Tanga. Naitaja kazi kwasababu ndo inayonifanya nione ninachokiona, mtaelewa huko mbele. Na kuna sehemu nitafichua stori, kwaiyo kama hupendi kuhadithiwa kabla hujaangalia ruka hiyo aya.

Sisi tuliokulia vibanda vya video tulikuwa na muvi zetu. Benchi la mbao, joto, mtafsiri anaongea juu ya picha mpaka husikii mzungu anasema nini, af mtafsiri mwenyewe ndo mtamu kuliko muvi. Muvi ya kisayansi kwetu ilikuwa ni ile yenye bunduki inayotoa mwanga. Katuni zilikuwa za watoto, mtu mzima ukikutwa unaangalia unaulizwa kama umeishiwa. Nimeishi hivyo hadi nimekuwa na watoto wangu mwenyewe.

Aliyenitoa huko ni kijana ninayemfundisha kazi. Siku moja kanijazia flashi akaniambia "Fundi, hii sio katuni, angalia dakika kumi tu ukichoka uzime." Ilikuwa Akira. Sikuzima.

Akira ni ya 1988, imeongozwa na Katsuhiro Otomo, na huyohuyo ndo aliyechora kitabu chenyewe. Stori inatokea 2019 kwenye Tokyo mpya iliyojengwa baada ya ile ya zamani kufutika, na humo ndani kuna uwanja unajengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2020. Sasa fikiria, wametengeneza hiyo kitu 1988, af kweli Tokyo wakaja kupewa Olimpiki ya 2020, ikafanyika 2021 kwasababu ya Korona. Nilipoujua huo mwaka mwili ulinisisimka. Kingine ambacho mtu hauoni mpaka uambiwe, sauti zilirekodiwa kwanza ndo michoro ikafuata, ndo maana midomo inaenda na maneno, na michoro yenyewe ni zaidi ya 160,000 iliyopakwa rangi kwa mkono. Hiyo ni kazi. Ukiangalia zile taa za nyuma za pikipiki zinavyoacha mstari mwekundu gizani ujue kuna mtu kakaa mezani kaupaka huo mstari, mchoro baada ya mchoro.

Maoni yangu: nusu ya kwanza sijawahi kuona kitu kama hicho. Nusu ya pili, pale Tetsuo, mmoja wa vijana wa genge la pikipiki, anapoanza kuvimba, mimi walinipoteza kidogo, na nimeirudia mara mbili bado nasema vilevile. Ila kilichonikaa sio pikipiki wala milipuko. Ni kwamba Kaneda, mkuu wa lile genge, na wenzake ni wanafunzi wa chuo cha ufundi. Kuna sehemu wamepangwa mstari wanatandikwa ngumi mmoja mmoja. Mji una magorofa yanagusa mawingu, una taa kila kona, na hawa vijana wa ufundi hakuna anayewahesabu. Nikasema hee, huyu bwana Otomo anatujua.

Toka hapo nikawa na tabia moja, kila muvi ya kisayansi nikiiwasha namtafuta mtu wa chini. Nani anafagia humo? Nani kafunga hizo nyaya? Hiyo meli ya angani ikiharibika nani anaingia chini na spana? Muvi ikiwa na jibu naipenda hata kama stori yake imepinda. Muvi isiyo na jibu, yaani kila mtu ni kamanda au mwanasayansi au mteule aliyetabiriwa, inanichosha haraka haijalishi imetumia hela kiasi gani.

Chukua Ghost in the Shell ya 1995, ya Mamoru Oshii. Wengi wanaisifia kwa yule mwanamke askari, Motoko Kusanagi, mwenye mwili wa kutengenezwa, na kwa maswali ya mtu ni nini, roho iko wapi. Sawa, ni nzuri, japo kuna sehemu wanaongea sana na ukiwa umetoka kazini umechoka maandishi ya chini yanakukimbia. Mimi nimekaa na mtu mmoja tu kwenye ile muvi, mzoa taka. Yupo kwenye gari la taka na mwenzake anamhadithia habari za mke wake na binti yake mdogo. Baadae anakamatwa, kumbe kuna mhalifu kamuingilia kichwani kampandikizia kumbukumbu. Hana mke, hana mtoto, anaishi peke yake. Wanampa picha aliyokuwa anawaonyesha watu kama ya familia, anaitazama, binti hayumo, ni yeye mwenyewe. Ule uso! Mchoro tu ule jamani, lakini mimi nilisimamisha nikatoka nje kidogo nikapunga upepo.

Na hata huyo Motoko, kuna sehemu kwenye boti usiku anaelezea kwamba akiacha kazi inabidi aurudishe mwili, kwasababu mwili ni mali ya serikali. Sijui kama mmewahi kulifikiria hilo. Mimi nimewahi kufanya kazi kwa mtu ambaye vifaa vyote ni vyake, spana yake, mtungi wa gesi wake, hata ovaroli yake, siku ya kuondoka nikavua kila kitu nikatoka na ndala. Nilivyosikia yale maneno ya Motoko niliyaelewa bila kusoma maandishi.

Evangelion nayo lazima niiseme maana bila hivyo mtanifuata na mawe. Ni ya Hideaki Anno, ilianza kuonyeshwa Oktoba 1995, episodi 26, watoto wanaendesha madubwana ya vita. Watu wanagombana kuhusu mwisho wake miaka yote, episodi mbili za mwisho mtoto anaongea na nafsi yake tu, wengine waliona wametapeliwa mpaka ikatoka muvi ya 1997. Kwangu ule mwisho ni sawa, huyo mtoto, Shinji, ana miaka 14 na baba yake hamtaki isipokuwa kwa kazi, unategemea amalizeje? Ila kilichonishika mimi fundi ni waya. Yale madubwana makubwa kama gorofa yanapigana yakiwa yamechomekwa kwenye umeme! Yana waya mgongoni, waya ukikatika yanabakiwa na dakika 5 za betri na saa inahesabu kurudi nyuma. Nilicheka kwa furaha. Mwenye akili kama hiyo anajua umeme ni nini.

Halafu ile operesheni Yashima, adui hasogeleki kwaiyo wanataka kumpiga kwa bunduki moja inayohitaji umeme wa Japani nzima. Unaona mafundi, malori ya transfoma, nyaya nene zinatandazwa barabarani, mji baada ya mji unazimwa, giza linatambaa nchi nzima mpaka inabaki milima na mwezi. Hiyo ndo sehemu bora kuliko mapigano yote ya humo. Na baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, umeme ulipopungua kule Japani, wapenzi wa hiyo anime wakahamasishana mtandaoni kubana matumizi ya umeme na kampeni wakaiita kwa jina hilohilo, operesheni Yashima. Sisi tuliokaa gizani na mgao tunajua taa ikizimwa kwako kuna mahali inawaka, wao kule waliizima wenyewe kwa hiari ili iwake kwa mwingine.

Cowboy Bebop nitapita haraka kwasababu kila mtu anaisifia, muziki wa Yoko Kanno hauna mpinzani, episodi 26 na hakuna ya kuruka. Ni stori ya wawindaji wa wahalifu kwa zawadi, na kwangu inatosha ile ya kwanza kabisa, Jet kapika pilipili hoho na nyama, mwenzake Spike anachokoa sahani anauliza nyama iko wapi. Nyama hamna. Hela hamna. Wapo kwenye meli ya angani mwaka 2071 na wanakula hoho tupu. Mtu aliyeandika hivyo kaniambia ukweli kuhusu miaka ijayo kuliko wale wa magari yanayopaa.

Sasa tufike nilikokuwa nataka kufika.

PLANETES. Andikeni mahali. Anime ya 2003, episodi 26, mwongozaji Goro Taniguchi, imetoka kwenye kitabu cha Makoto Yukimura kilichoanza 1999. Mwaka ni 2075. Watu wamejenga mwezini, safari za angani ni kawaida kama basi la Dar. Na mashujaa wetu ni wazoa taka. Wazoa taka wa angani! Kazi yao ni kukusanya vipande vya setilaiti zilizokufa, mabaki ya roketi, misumari, nati, kila uchafu unaozunguka dunia. Kitengo chao kwenye kampuni kinadharauliwa, wafanyakazi hawatoshi mpaka kinaitwa kitengo nusu, meli yao kuukuu inaitwa Toy Box. Wanavaa nepi kwasababu ukiwa nje na suti masaa yote hayo hakuna choo. Msichana mgeni, Ai Tanabe, anaajiriwa na kitu kimojawapo anachotakiwa kufanya ni kuandika wosia. Anakaa na karatasi hajui aandike nini, kwasababu ni binti mdogo na hajawahi kufikiria atamwachia nani nini. Mwenzake Hachimaki yeye ndoto yake ni kununua meli yake mwenyewe, na mshahara ule haufiki.

Kwanini taka? Hapa sayansi yake ni ya kweli tupu. Kitu kikiwa kwenye mzunguko wa chini wa dunia kinakwenda kilomita kati ya 7 na 8 kwa sekunde moja. Kutoka hapa Tanga mpaka Dar, kilomita kama 350 za barabara, kingetumia chini ya dakika moja. Kwa mwendo huo nati ndogo sio nati tena, ni risasi inayozidi risasi. Anime inafungua na ajali ya chombo cha abiria, abiria wanaangalia nje dirishani, na kinachowamaliza ni kitu kidogo cha kuenea kwenye ncha ya kidole.

Mimi nina kifuniko cha kopo la siagi, nikifungua friji au AC kila nati inaingia humo, na kabla sijafunga nahesabu. Fundi aliyenifundisha alikuwa hakulipi siku ukimaliza kazi na nati imebaki mkononi. Kwaiyo nilivyoona ile ajali sikuona muvi. Niliona nati niliyoipoteza mimi.

Sehemu ya Yuri sasa, hapa ruka kama hujaangalia. Yuri ni mmoja wa hao wazoa taka, mtu mpole haongei sana. Mke wake alikufa kwenye ile ajali. Miaka yote hiyo anazoa taka angani huku anatafuta kitu kimoja, dira aliyokuwa nayo mkewe, dira ndogo ya mkononi. Kati ya takataka zote zinazozunguka dunia! Na anaikuta. Inapita mbele yake anaifuata karibu inamuua, na kwenye ile dira kuna maneno mkewe aliyaacha, anaomba Yuri aokolewe. Yaani aliyekufa ni mwanamke na alimuombea aliyebaki. Nililia wakuu, na wala sioni haya kulisema.

Kuna ingine ya fundi kutoka nchi maskini ya kubuni wanaiita El Tanika. Jamaa kaja na suti ya angani iliyotengenezwa kwenye karakana ndogo kwao, anaomba ifanyiwe majaribio tu, kila ofisi inamzungusha, huyu anasema fomu haijakamilika yule anasema nchi yako ina vita. Yaani ile suti ni nzima kabisa, kosa lake ni ilikotoka. Nimewahi kusimama kwenye kaunta na bahasha mkononi nikiambiwa njoo kesho wiki tatu mfululizo, ile episodi nilikuwa naiangalia meno yameumana. Na mtoto Nono, aliyezaliwa mwezini, ana miaka 12 lakini ni mrefu kama mtu mzima kwasababu mvuto wa kule ni mdogo, hawezi kuja duniani mwili wake hautamudu. Anazungumzia bahari, anamaanisha zile bahari kavu za mwezini. Hana uchungu, ndo kwao.

Hapa mtu atasema hizo ni stori tu. Tarehe 30 Desemba 2024, kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni hapo Kenya, mchana watu wapo kwenye shughuli zao, pete ya chuma imeshuka kutoka juu. Kipenyo karibu mita 2 na nusu, uzito karibu kilo 500. Shirika la anga la Kenya likasema tathmini ya awali inaonyesha ni pete ya kutenganisha vipande vya roketi, na kwamba vitu kama hivyo kwa kawaida huungua vikiingia kwenye hewa ya dunia au vinaangushwa baharini. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Nilipoziona zile picha, pete imelala kwenye vichaka na wanakijiji wamesimama pembeni, nilisema hii ni Planetes, tena bila muziki. Kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha ndo inawajibika kwa madhara, ni vizuri tuujue, maana wanaorusha wako mbali na chuma kinaangukia shamba la mtu.

---

Narudi, nimeona mmechangia sana, nawajibu baadhi.

Mdau kaandika: "Mkuu umeitukuza hiyo Planetes kumbe Gravity ilishamaliza kila kitu kuhusu taka za angani."

Mkuu, Gravity ni muvi ya Kizungu ya 2013, anime ni ya 2003 na kitabu ni cha 1999, kwaiyo tukihesabu miaka unajua nani katangulia. Gravity naipenda, ule ukimya, taka zinazunguka dunia zinarudi kila dakika 90, roho mkononi mwanzo mwisho. Lakini kule taka ni kama simba, inakuja inaua inaondoka. Kwenye Planetes taka ni kazi ya kesho asubuhi. Ina zamu, ina bosi, ina mtu anataka kuvuta sigara yake na chumba cha sigara kimelipuliwa (huyo ni kapteni Fee, mtampenda). Usiku nikishazima Gravity nalala. Planetes naenda nayo kazini.

Na hayo mambo yanafanyika kweli. Mwaka 1978 Donald Kessler na mwenzake wa NASA waliandika kwamba vipande vikigongana vinazaa vipande vingine, navyo vinagonga vingine, mpaka baadhi ya njia za angani zinakuwa hazipitiki. Februari 2009 setilaiti ya mawasiliano ya Marekani iligongana na ya Urusi iliyokuwa imeshakufa, juu ya Siberia, karibu kilomita 790 kwenda juu, zikatoa vipande zaidi ya elfu. Na mwaka 2024 kampuni ya Kijapani, Astroscale, ilipeleka chombo kikasogelea kipande cha juu cha roketi ya zamani ya Japani mpaka umbali wa mita 15, kukikagua tu kwanza. Wajapani hao hao. Sijui kama mafundi wa hiyo kampuni walikua wakiisoma ile stori, ila nikiwa fundi kijana kule ningekuwa nayo kwenye begi.

Mwingine: "Anime zote zina wanawake wanaopiga kelele na nguo fupi, sitaki watoto wangu waone."

Ndugu yangu nakuelewa kabisa na wala sikupingi, zipo, tena nyingi, na mimi nikiona episodi mbili za namna hiyo nafuta. Akira ina damu, Ghost in the Shell ina mwili wa mwanamke bila nguo, Evangelion ina mambo mazito ya akili, usimpe mtoto. Anime ni jina la kazi ya mkono, ni kama kusema vitabu. Kaa uangalie wewe kwanza ndo uamue.

Dada mmoja kauliza: "Na sisi je? Mbona unasifia Wajapani tu, Waafrika hatuwezi kuota miaka ijayo?"

Dada umenigusa penyewe. Tafuta Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya 2009, ni dakika kama 20 hivi. Dunia imeisha maji baada ya vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo, jasho na mkojo vinachujwa vinanywewa tena, umeme wanautengeneza wenyewe kwa kukanyaga mashine. Umeona? Kazi! Mtu anatoa jasho ili taa iwake af jasho lenyewe analinywa. Na anayemsaidia Asha, yule mwanamke mwenye stori, kutoroka ni msafishaji wa choo. Pale nilipiga mkono mezani mke wangu akashtuka. Halafu 2023 ikatoka Kizazi Moto, vipande kumi vya katuni za kisayansi kutoka Afrika, jina lenyewe Kiswahili, kipo cha Mganda Raymond Malinga cha wachungaji wa ng'ombe na cha Mkenya Ng'endo Mukii kinaitwa Enkai. Vingine vimeniingia vingine hapana, ni vifupi mno, unaanza kumjua mtu stori imeisha. Ila wapewe muda na hela wale watu.

Na mchangiaji wa Malindi ahsante sana kwa kukumbusha Ngomeni, pwani ya Kenya, kulikorushwa roketi, mimi nilikuwa sijui. Nimeenda kusoma. Kwenye majukwaa ya Waitaliano pale baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na wakaipa jina Uhuru. Kwaiyo hili neno letu lipo kwenye vitabu vya wanasayansi wa nyota wa dunia nzima. Wavuvi wa pale waliona roketi kabla ya wengi wetu kuona televisheni! Kama kuna mzee huko kwenu anakumbuka siku ile, muulize kazi alifanya nani. Nani aliendesha boti, nani alipika, nani alibeba vyuma. Hiyo ndo muvi mimi naitaka, na nataka ichorwe na mtoto wa pale pale Ngomeni.

---

Usiku wa tatu wa uzi. Kuna mdau kaniambia nitaje moja fupi, hana bando wala muda.

Voices of a Distant Star ya Makoto Shinkai, 2002. Dakika 25 tu. Huyu bwana aliacha kazi akakaa nyumbani na kompyuta yake akaitengeneza karibu yote peke yake, na kwenye toleo la kwanza hata sauti ni yake na ya mchumba wake. Michoro ya sura sio mizuri, nakuambia kabisa, macho makubwa midomo haitulii. Lakini mawingu! Na stori ni hii: binti wa shule anachukuliwa kwenda vitani angani, mpenzi wake kabaki duniani, wanatumiana ujumbe wa simu. Mwanzoni unafika upesi, baadae unachukua siku, miezi, mwaka. Mwisho yupo kwenye nyota ambayo ujumbe unachukua zaidi ya miaka 8 kufika, kwasababu mwanga wenyewe hauna mwendo zaidi ya huo. Binti ana miaka 15 anaandika, kijana anausoma ana miaka 24.

Dada yangu wa kumfuata mimi yupo Muscat, mwaka wa sita huu, kazi za ndani. Miezi ya mwanzo simu yake ilikuwa inachukuliwa na aliyemwajiri, anaipata Ijumaa jioni. Nikimtumia ujumbe Jumamosi inakaa tiki moja wiki nzima. Mama alikuwa anakuja kuniuliza kila siku, "Imekuwa mbili?" Namwambia bado mama. Unaandika mtoto anaumwa, ukija kujibiwa mtoto ameshapona anacheza nje, na yule kule analia kwa habari ya wiki iliyopita. Baadae alipata nyumba nyingine na watu wazuri, sasa tunaongea kila siku. Ile muvi nilimtumia. Hakuandika maoni, alipiga simu usiku saa tano tukakaa kwenye laini hatuongei kitu cha maana, ananiuliza mwembe wa nyumbani umezaa.

Kwaiyo mdau wa bando dogo, anza na hiyo.

---

Naongeza hili moja maana wengi mmeuliza kijana wangu wa kazi anasemaje kuhusu Planetes, yeye aliyenipa Akira hii alikuwa hajaiona, nilimpa mimi. Kamaliza episodi zote 26 wiki iliyopita. Alhamisi tulikuwa tunafunga AC kwenye gorofa ya nne, mjini hapa, lifti haifanyi kazi. Kaponyokwa na nati moja ya mabano ya nje, ikadondoka kwenye kichochoro cha nyuma ambako hapiti mtu, zimejaa chupa na majani. Mfukoni nilikuwa nazo zingine kumi za saizi hiyohiyo na aliziona. Kaweka spana chini akashuka ngazi. Nimekaa juu nashika kile kidude kwa bega karibu robo saa, nikichungulia namuona kainama anapekua majani kwa mkono. Karudi jasho linamtiririka, nati kaishika kwenye ngumi, akaifuta na ovaroli akaiweka kwenye kifuniko.